Milango Myeusi, Fremu Nyeupe

"Zote nyeupe," mkwe alisema. "Fremu, milango, na zile mbao za chini ya ukuta. Zote. Nimechoka kuishi ndani ya sanduku."

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. Kaka yake, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, alikuwa ameshaanza kutandaza magazeti sakafuni. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mjukuu akimrukia magotini. Aliposikia lile neno "zote" alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Mbao za baba yenu zina kosa gani?" aliuliza.

"Hazina kosa, Mama. Zina giza."

"Giza la nini? Mbao ile aliipaka kwa kitambaa, siyo kwa brashi. Alikuwa anasugua mpaka mkono unamwuma. Leo mje mmwage chokaa juu yake?"

"Siyo chokaa, Mama," Brashi aliingilia, akitabasamu. "Ni rangi ya mafuta. Ukimaliza kupaka unaweza kujitazama humo ukachana nywele."

"Wewe zako zimebaki za kuchana?"

Brashi akapapasa upara wake akacheka. Mkwe hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa jikoni akagonga fremu kwa kucha.

"Na uchafu huu je? Tazama alama za mikono. Kila mlango una alama, upande mmoja, palepale. Nafuta leo, kesho zimerudi. Nasingizia mtoto, lakini nikiangalia najiuliza, mtoto gani mrefu hivi?"

Mama akamgeuza mtoto magotini. Jibu la swali lile alikuwa nalo mwenyewe.

Ndani ya nyumba ile hakuna aliyejua kwamba macho ya Mama yalikuwa yanakwenda. Hayakuwa yale macho ya uzee ya kuomba mtu amtilie uzi kwenye sindano. Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa la ukungu, na doa lile lilikuwa linakua. Nyuso zilishatoweka. Mwanawe alimjua kwa kikohozi, mkwe kwa kandambili zake zinazoburuzwa. Mtoto alimjua kwa kengele. Alikuwa amemshonea kikengele kwenye kiatu cha kulia, na kila aliyekiona alisema bibi huyu ana mapenzi kweli. Wakampa mtoto jina la utani, Kiroboto, kwa sababu alikuwa haruki tu, aliruka akilia ting-ting.

Nyumba yenyewe aliijua kwa mbao. Kuta zilikuwa rangi ya maziwa, na mbao za marehemu zilikuwa za kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Hata kupitia ukungu aliweza kuona pale weupe unapokatika na weusi unapoanza. Mstari mweusi chini ya ukuta ulimwongoza mpaka kwenye nguzo mbili nyeusi, na katikati ya nguzo palikuwa na njia. Alipofika aligusa fremu kidogo kwa kiganja, kuhakikisha, akapita. Kwa namna hiyo alipika, alifagia, alimwogesha mjukuu, na watu wakamsifu kwamba mama yenu bado ana nguvu.

Angesema nini? Mkwe alikuwa ameitwa tena kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Alikuwa anaanza juma lile, na mtoto alikuwa anabaki na bibi yake. Wakijua, mtoto atapelekwa kwingine. Halafu yeye mwenyewe atapelekwa kwa mwanawe mkubwa, kwenye ghorofa ambalo hakulijua hata ngazi zake zinaelekea wapi, akawekwe kitini kama mzigo unaosubiri mwenyewe.

"Basi tugawane," alisema mwishowe. "Fremu na hizo mbao za chini, pakeni nyeupe. Milango niachieni. Milango aliitengeneza kwa mkono wake, hakununua hata mmoja."

Mwanawe mdogo, mume wa mkwe, mtunza ghala, ambaye muda wote alikuwa amejificha nyuma ya kikombe cha chai, akaona pa kutokea. "Hapo sawa. Weupe na weusi, vinapendeza. Ndiyo mtindo wa siku hizi. Au siyo, shemeji?"

"Kama ubao wa drafti wa mtu mwenye pesa," Brashi alisema.

Mkwe aligonga fremu tena. "Haya. Milango ni yako, Mama. Lakini fremu ni zangu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Moyoni alipiga vigelegele. Milango ilikuwa mikubwa, myeusi, mitano. Nani atakosa kuona mlango?

*

Brashi alipiga msasa asubuhi, akapaka rangi ya kwanza mchana, na alipomaliza aliifungua milango yote ya ndani mpaka mwisho na kuizuia kwa mawe.

"Ikifungwa itagandana na fremu," alisema. "Iacheni wazi mpaka nirudi kupaka ya pili. Na mtu asishike."

Mama aliinuka kwenda jikoni kuweka maji motoni. Alitazama mbele akitafuta mlango. Hakuuona. Aligeuka kidogo kulia, kidogo kushoto. Mbele yake palikuwa na weupe mtupu, toka sakafuni mpaka darini, kama mtu amemfunika shuka kichwani.

Hapo ndipo alipolielewa kosa lake. Alikuwa amepigania milango, na mlango ukifunguliwa huondoka. Huenda kulala ukutani nyuma, ndani ya chumba kingine. Kinachobaki pale pa kupita ni fremu. Fremu alikuwa amezigawa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi.

Alipiga hatua kuelekea pale alipokumbuka. Paji la uso likagonga mbao.

"Mama!" Brashi alipiga kelele kutoka uani. "Si nimesema mtu asishike? Wewe unashika kwa kichwa!"

Mwanawe akaangua kicheko. Mama alijipapasa akasikia rangi ikinata kwenye nyusi na kwenye ukingo wa kilemba.

"Umejipaka poda, Mama," Brashi aliendelea. "Kuna mchumba anakuja leo?"

"Anakuja," Mama alijibu. "Lakini kanikataza kucheka na mafundi." Akacheka pamoja nao, kicheko kirefu kuliko kilichohitajika, na mikono yake ikitafuta kiti nyuma yake bila kukipata.

Mkwe ndiye aliyemsogezea kiti. Alichukua kitambaa, akamfuta paji la uso polepole.

"Hukuiona fremu, Mama?"

"Nilikuwa nafikiria mambo yangu."

"Mambo gani?"

"Sasa mtu anaulizwa mpaka mawazo yake? Nipe mtoto."

Mkwe akampa mtoto. Lakini kandambili zake hazikuondoka mara moja. Mama alizisikia zimesimama pale mbele yake.

*

Asubuhi ya kwanza ya kazi, nyumba ilikuwa na haraka. Mtunza ghala alikuwa ameondoka mapema. Mkwe alizunguka akitafuta kitana, akitafuta kitambulisho, akizungumza bila kuvuta pumzi.

"Uji wa mtoto uko kwenye chupa. Nguo za kubadilisha ziko kitandani. Brashi atakuja baadaye kidogo kupaka ya pili. Viatu vya mtoto nimemvua, Mama, jana alikanyaga rangi. Nimeviloweka kwenye beseni uani."

"Viatu?" Mama aliuliza.

"Acha acheze pekupeku, sakafu si chafu."

"Angevaa hata kimoja. Sakafu ina baridi."

"Kimoja cha nini, Mama? Aonekane kichaa?" Mkwe akacheka, akambusu mtoto, mlango wa mbele ukafungwa.

Nyumba ikanyamaza. Mama alikaa sakafuni, akamweka Kiroboto katikati ya miguu yake, akampa vifuniko vya sufuria avigonge. Maadamu vinagongwa, alijua mtoto yuko wapi. Alijiambia kwamba leo hatainuka pale mpaka Brashi afike. Kama ni mkojo atajikaza. Atamwambia Brashi amtolee viatu kwenye beseni, hata kama vimelowa, kisha yeye mwenyewe amvishe mtoto.

Vifuniko viligongwa, vikagongwa, vikaacha kugongwa.

"Kiroboto?"

Alipapasa mbele yake. Alishika kifuniko, bado kina uvuguvugu wa mikono ya mtoto. Mtoto hakuwepo.

"Kiroboto wa bibi. Uko wapi?"

Kimya. Kisha, kutoka upande wa jikoni, kitu chepesi kilisukumwa sakafuni, kikakwaruza. Na nyuma ya mkwaruzo ule ikaja harufu kali, ile inayopanda puani na kuwasha macho. Thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Brashi alikuwa ameacha brashi zake zimelowekwa kwenye kikombe cha plastiki chini ya meza ya jikoni. Mama alikuwa amemsikia akikisogeza jana na kusema, "Hapa hakitagongwa na mtu." Kikombe kilikuwa kile chekundu ambacho mtoto alinywea maji.

Mama aliinuka mara moja, magoti yakalia. Alinyoosha mikono yote miwili akaenda. Ukuta. Ukuta. Pale palipokuwa na mstari mweusi wa kufuata palikuwa na weupe unaoendelea na weupe. Kiganja kikaangukia kitu kinachonata, akajua ni fremu, lakini fremu ipi? Akapita ndani yake akagonga kitanda. Siyo hapa. Alirudi nyuma, akashika mlango uliolazwa ukutani, akaufuata kiganja kwa kiganja mpaka mwisho wake, akajikuta tena mwanzo.

"Kiroboto, mwite bibi! Sema bibi! Sema ting-ting!"

Mtoto akacheka. Kicheko kidogo cha mtu anayejificha na kufurahi kwamba hajaonekana. Kilikuwa karibu, lakini nyumba tupu huchezea sauti, na Mama hakujua kama kilitoka mbele au pembeni. Harufu ilikuwa nzito sasa. Alishika fremu nyingine akaingiza mguu, akasimama, akageuza uso huku na huko.

"Usinywe, mjukuu wangu. Mpe bibi. Mpe bibi kikombe."

Nyuma yake kitasa cha mlango wa mbele kililia. Kandambili hazikuwepo leo, viatu vya kazini vilikuwa na kisigino, kwa hiyo hakumtambua mpaka aliposema.

"Nimesahau aproni ya..."

Sentensi ikakatika. Visigino vilikimbia, vikampita, bega likamsukuma ukutani. Plastiki ikapokonywa, mtoto akapiga yowe la kunyang'anywa. Kisha sauti ya mkwe, ndogo, isiyokuwa na hasira bado.

"Mama. Yuko hapa. Alikuwa miguuni pako."

*

Mkwe alimnusa mtoto mdomo, akamnusa mikono, akamfungua kinywa kwa kidole, akamnusa tena. Kikombe hakikuwa kimefika mdomoni. Kilikuwa kimeinuliwa tu. Alimnawisha kwenye karai mara nyingi kupita kiasi, na mtoto akalia, na yeye akaendelea kumnawisha. Mama alibaki amesimama pale pale kwenye fremu ya jikoni. Hakuthubutu kuiacha.

"Alikuwa anakutazama," mkwe alisema. "Amekaa hapo, kikombe mkononi, anakutazama usoni anacheka. Na wewe unamtazama. Unamwuliza yuko wapi."

"Mwanangu..."

"Nionyeshe viganja vyako."

Mama akavificha kwenye kanga, lakini haikusaidia kitu. Kwenye mlango mweusi wa chumba, mlango ambao haukuwa umeguswa na brashi, palikuwa na alama nyeupe za viganja, moja baada ya nyingine, kutoka bawaba mpaka kitasa. Rangi ilikuwa imemtoka mikononi ikaandika safari yake yote. Mkwe alizitazama. Kisha akatazama zilivyo juu kutoka sakafuni. Zilikuwa palepale, urefu uleule wa alama alizokuwa akifuta kila siku kwenye fremu.

"Mtoto gani mrefu hivi," alisema polepole. "Tangu lini?"

Mama akaizungushia kanga mikono yake.

"Tangu lini, Mama? Tangu kabla hajazaliwa? Nilipokuwa nakwenda sokoni namwacha na wewe, ulikuwa huoni?"

"Nilikuwa nasikia. Alikuwa na kengele. Wewe ndiye uliyemvua viatu."

Neno hilo lilipotoka alitamani kulirudisha. Mkwe alikaa chini, kwenye sakafu, mtoto aliyelowa kifuani.

"Kengele," alisema. "Mimi natembea nakusifia kwa watu, tazameni mama mkwe wangu anavyompenda mjukuu. Kumbe umemfunga kengele kama mbuzi."

"Nampenda."

"Najua unampenda!" Sasa hasira ilikuja yote. "Ungempenda mpaka nirudi nimkute amekufa. Ulishindwa kusema? Mimi nimekuwa mtu wa kutisha namna hiyo? Ungesema, mwanangu, macho yangu yamekwisha. Maneno matatu manne. Badala yake unanipigania milango!"

"Ningesema, mngenipeleka ghorofani."

Mkwe akaanza kumkausha mtoto kwa kanga. Hakuweza kusema kwamba si kweli.

Baadaye alimpigia simu msimamizi wa kiwanda. Alisimama uani, lakini Mama alisikia kila kitu. "Ndiyo, najua ni siku ya kwanza... Hapana, siyo mimi, ni mtoto... Hapana, haumwi... Naomba unisikilize... Ndiyo. Ndiyo, bosi. Nimeelewa. Kesho bila kukosa." Alikuwa anasema "ndiyo" kwa sauti ya mtoto anayechapwa, na Mama, akiwa kitini na mikono imekauka rangi, alihesabu kila "ndiyo" kuwa deni lake.

*

Mtunza ghala aliporudi mchana, alisikiliza akiwa amesimama. Alimsogelea mama yake, akapunga mkono mbele ya uso wake, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, na Mama akausikia upepo wake tu.

"Acha," Mama alisema. "Mimi siyo nzi."

"Nitampigia kaka," mwanawe alisema, ulimi ukijikwaa. "Kule kuna watu nyumbani kutwa. Hapa sisi wote tunatoka. Siyo kwamba tunakufukuza, Mama, usinielewe vibaya, lakini..."

Alisimama na simu mkononi. Mama alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja. Aliwaza ni nguo zipi atabeba.

"Kwa kaka yako milango ni ya rangi gani?" mkwe aliuliza ghafla kutoka jikoni.

"Milango?"

"Nakuuliza swali jepesi."

"Sijui. Nyeupe nadhani. Kwani milango imeingiaje?"

"Imeingia. Hapa alikuwa anapika, anafua, anamwogesha mtoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua. Mimi naishi naye kutwa sikugundua. Alikuwa anafuata zile mbao. Tumekuja sisi na brashi tumemfutia nyumba." Alikuja mpaka sebuleni. "Mtoto simwachi naye peke yake. Hilo, Mama, nakwambia mbele ya mwanao, sitabadilisha, hata ukilia. Kesho anakwenda kwa jirani. Na wiki hii tunakwenda hospitali ya macho, utake usitake. Lakini ghorofani kwenda kufanya nini? Kujifunza kuta upya?"

Mwanawe akatazama simu, akaitia mfukoni.

Mama alitaka kushukuru, lakini lile la mtoto lilimzuia. Alisema tu, "Jirani hajui kwamba analala akikunwa mgongo."

"Utamwambia," mkwe alijibu.

Brashi alikuta hali hiyo alipoingia na ndoo yake, akiimba.

"Wimbo huo uiimbie thina yako," dada yake alimwambia, na alipokwisha kumweleza, Brashi hakuwa na mzaha hata mmoja. Alichukua kile kikombe chekundu, akatoka nacho nje, akakikanyaga mpaka kikapasuka. Aliporudi, dada yake alikuwa ameshika kipande cha msasa.

"Kwangua fremu zote. Na mbao za chini."

"Dada. Jana ulisema..."

"Jana nilisema. Leo nasema kwangua. Milango ndiyo itakayokuwa nyeupe, fremu zionekane."

"Mbao ikishakunywa rangi ya mafuta haitarudi kuwa ile ya Mzee. Nikwangue nisikwangue, itabaki na makovu."

"Siitaki ile ya Mzee. Nataka nyeusi kuliko ile."

Walikwangua wote wawili, kaka na dada, mpaka vumbi jeupe likawajaa kwenye kope. Mtunza ghala alibeba mtoto na kuzunguka naye uani. Mama alisikiliza msasa ukila rangi iliyopakwa jana tu, na hakusema lolote kuhusu kazi ya marehemu, wala hakuna aliyemwuliza. Kisha harufu ikabadilika, ikaja ile ya mafuta meusi ya mbao, nzito na tamu, ambayo alikuwa hajainusa tangu mara ya mwisho mumewe aliposhika kitambaa.

"Mama," mkwe aliita. "Inuka. Usishike kitu."

Aliinuka, mikono ubavuni, akijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Unaiona fremu ya jikoni?"

"Naiona," alisema upesi, kwa mazoea.

"Mama."

Mama akatazama tena, safari hii bila haraka, akiuacha ukungu ukae pale unapotaka kukaa. Pembeni mwa ukungu hapakuwa na kitu. Weupe.

"Siioni," alisema.

Neno lile lilikuwa zito kulitoa kuliko alivyodhani, na jepesi likishatoka. Mkwe akachukua kitambaa. Kitambaa kilizama kwenye kopo, kikasugua mbao, chini juu, chini juu.

"Sasa?"

"Bado."

Kikasugua tena, kwa muda mrefu.

"Sasa?"

Kwenye ule weupe, upande wa kushoto, kitu kilianza kusimama. Kilikuwa chembamba, kisha kikanenepa, kikapanda mpaka juu.

"Nguzo ya kushoto naiona," Mama alisema. "Ya kulia bado. Sugua ya kulia."

Mkwe akasogea kulia, akasugua.